Kumuuguza ndugu aliyetengenezwa taya, uso au shingo: tunavyojipanga sisi wa Mbeya, kuanzia nyumbani mpaka arudi

Naandika kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa, yule atakayelala kwenye kiti pembeni ya kitanda. Kaka yangu ni mkulima wa viazi huku Uyole, alizunguka na uvimbe wa taya la chini miaka minne akidhani ni jino, meno matatu yakang'olewa na uvimbe unazidi kukua, mpaka tulipofika Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale mjini wakakata kinyama wakakipima ikaonekana ni ameloblastoma, sio kansa ila inakula mfupa wa taya kama mchwa anavyokula boriti. Tukapewa rufaa kwenda Dar. Mimi ndo niliyemuuguza mwanzo mwisho pamoja na wifi, na kuna vitu vingi nilivijulia palepale wodini usiku huku natetemeka, natamani wewe uvijue ukiwa bado uko nyumbani umetulia.

Kwanza uelewe wanachofanya, maana ukielewa hilo mengine yote yanajieleza yenyewe. Taya lenye uvimbe linakatwa, na pale kwenye pengo wanaweka kitu cha mwili wake mwenyewe, madaktari wanaita flapu, mimi nitaita kiraka. Kwa kaka walichukua ule mfupa mwembamba wa pembeni wa mguu chini ya goti, na ngozi yake na mishipa yake ya damu, wakaukata na kuupanga ufuate umbo la taya, wakaufunga kwa vyuma, halafu mishipa ya kile kiraka ikaungwa na mishipa ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele wakiangalia kwa hadubini. Njia hiyo ya mfupa wa mguu kuwa taya ilitangazwa 1989 na daktari Hidalgo wa New York. Wengine wanachukuliwa ngozi ya mkono karibu na kiganja, au nyama ya paja, na wengine wanavutiwa nyama ya kifuani ikapitishwa chini ya ngozi juu ya mtulinga mpaka shingoni bila kukatwa mishipa yake, hii inatumika sana kwenye hospitali zisizo na hadubini na inafanya kazi vizuri tu.

Sasa ile mishipa inayoungwa ina upana wa milimita 2 au 3. Kiraka kizima kinaishi kwa mshipa mmoja wa kuingiza damu na mmoja au miwili ya kutoa. Ukibanwa, ukipoa, ukiziba, kiraka kinakufa. Na kwa kuwa mdomo na koo vinavimba, pumzi nayo inapita njia ya kutengenezwa, tundu shingoni. Kwa hiyo kazi yako wewe ndugu ni kulinda vitu viwili, damu ipite na hewa ipite. Kila nitakachosema kinarudi hapo.

Kabla hamjapanda basi

Mlishe. Mtu mwenye uvimbe mdomoni amekuwa anakula kidogo kwa miezi na mnazoea, mnasema amepungua tu. Kaka alikuwa ameshuka kilo 11. Kidonda kinapona kwa chakula, na mgonjwa aliyekonda sana madaktari huwa wanampa wiki moja mpaka mbili za kunenepeshwa kwanza kabla ya kumpasua. Huku kwetu hatuna sababu ya kushindwa, maparachichi ya Rungwe yapo, maziwa yapo, mayai yapo, ulezi upo. Wifi alikuwa anapika uji wa ulezi mwepesi kwa maziwa, anatia karanga zilizosagwa laini na yai analipiga linaivia humohumo kwenye uji, halafu mchana parachichi lililopondwa na maziwa, supu ya viazi na maharage yaliyochujwa maganda. Mara sita kwa siku kidogo kidogo kuliko sahani mbili kubwa. Ila angalizo, kama mtu wako hajala chochote cha maana kwa siku tano au zaidi, usimshindilie ghafla, mpeleke hospitali aanzishiwe taratibu huku wanapima chumvi za damu na kumpa vitamini B1, mwili uliokaa na njaa ukijazwa kwa kasi moyo unaweza kusimama. Hili watu wengi hawalijui na linaua.

Tumbaku iachwe, angalau wiki nne kabla, na ugoro pia ni tumbaku. Wazee wetu wanasema sivuti mimi nanusa tu. Nikotini inabana mishipa, iwe imepita puani, mdomoni au kwenye mapafu, na ile milimita 2 haina nafasi ya kubanwa. Baada ya upasuaji vilevile, hata mgeni anayenuka sigara asisogee kitandani.

Pombe: semeni ukweli. Kama mzee anakunywa ulanzi au komoni kila siku mwambieni daktari wa usingizi kiasi chake halisi, msione aibu, kwa sababu mtu aliyezoea akikatishwa ghafla, siku ya pili au ya tatu anaanza kutetemeka, anaona vitu, anachanganyikiwa na kung'oa mipira yote aliyowekewa, ikiwemo ya pumzi. Wakijua mapema wanampa dawa. Hivyohivyo dawa za kienyeji, dawa za presha, sukari, aspirini, kila kitu anachomeza kiweke kwenye mfuko mmoja uende nao.

Muulizeni daktari atachukua kiraka wapi. Kama ni mkono, kuanzia siku hiyo mkono huo usichomwe sindano, usiwekewe dripu, usipimwe presha. Kitanda cha jirani yetu walikuwa wamemwandika mwanae kwa kalamu ya wino mkubwa kwenye mkono: MKONO HUU USIGUSWE. Nilipenda sana lile wazo. Kama ni mguu atapimwa mishipa ya miguu yote miwili kwanza kwa picha, msikatae hicho kipimo hata kama kina gharama, kuna watu mguu wao unategemea mshipa uleule unaotakiwa kutolewa. Msimnyoe ndevu wala kumnyoa miguu nyumbani, wembe unaacha vijeraha, watanyoa wao.

Meno yaangaliwe, yaliyooza yatolewe au yazibwe mapema. Damu: tafuteni ndugu wa kuchangia kabla, upasuaji huu ni wa masaa 8 mpaka 12 na wengine wanaongezewa. Kama anatumia bima, kibali kifuatiliwe mkiwa bado nyumbani, Mbeya mpaka Dar ni kama kilomita 830, ukifika kule ndo uambiwe kuna karatasi imebaki Mbeya utalia.

Halafu kitu ambacho sisi hatukuambiwa na mtu, na hili bado linaniuma. Hospitali tuliyofanyiwa, hakuna aliyekaa na kaka kumwambia utaamka huna sauti. Ukiwa na tundu shingoni hewa haipiti kwenye sauti, unafungua mdomo hakitoki kitu. Aliamka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, akajaribu kuita, kimya, akadhani ulimi umekatwa, akaanza kupigana na mpira mpaka wakamfunga mikono. Siku nne baadaye ndo aliandika kwenye daftari kwamba alidhani amekufa na anajiona kwa mbali. Kwa hiyo wewe mwambie mtu wako kabla: utaamka na mpira shingoni, mpira puani wa chakula, chupa za kutoa damu zinaning'inia, uso umevimba hutajitambua, na sauti itakuwa imeondoka kwa muda, ikizibwa lile tundu siku zijazo itarudi. Nunueni daftari na kalamu yenye wino unaokolea, na kama hajui kusoma mpatane ishara, sisi tulipanga vidole: kimoja maumivu, viwili nataka kukohoa, vitatu nipindue, ngumi ni hewa haitoshi. Mfanye mazoezi kabla.

Siku yenyewe

Afuate saa za kufunga atakazopewa na hospitali husika. Kwa kawaida chakula kinakatwa masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2 kabla, ila hospitali zingine zinataka tangu saa sita usiku, fuata yao. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Mama mmoja alimpa mwanae "kauji kepesi" saa kumi na moja alfajiri kwa huruma, upasuaji ukaahirishwa wiki nzima.

Mengine siku hiyo ni ya kwao, wewe kula ulale, usiku unaofuata utahitaji macho.

Siku tatu za kwanza

Masaa 72 ya kwanza ndo kiraka kinaishi au kinakufa. Manesi wanakicheki kila saa siku ya kwanza, wanaangalia rangi, wanagusa kama kina joto, wanabonyeza kidogo paote weupe waone rangi inavyorudi, na wanasikiliza kwa kidude kinachotoa mlio wa damu, shuu shuu shuu. Wewe usiguse, vidole vyako vina vijidudu. Wewe tumia macho.

Kiraka kizuri kina rangi ya pale kilikotoka, kina uvuguvugu, laini kama shavu. Kikipauka, kikawa cha baridi na kimelegea, damu haiingii. Kikigeuka zambarau kwa mbali, kikavimba na kukaza, damu haitoki. Shida ni kwamba kwenye ngozi zetu nyeusi hiyo zambarau haionekani haraka, hasa chini ya ile taa ya njano ya wodini. Nilichofanya, na naomba na wewe ufanye baada ya kuomba ruhusa: siku ya kwanza daktari akisema kiraka kiko vizuri, piga picha kwa simu, simama sehemu moja, tumia tochi ileile, umbali uleule, halafu kila baada ya masaa mawili piga nyingine uweke pembeni ulinganishe. Jicho linazoea, picha haizoei.

Usiku wa pili saa tisa nikalinganisha. Ya saa saba na ya saa tisa. Kile kipande cha ngozi ndani ya mdomo kilikuwa kimenona, yaani kama ndizi mshare iliyoiva sana, kinang'aa, na pembeni karibu na nyuzi kuna weusi mwembamba kama mstari wa kalamu. Nesi alikuwa na wagonjwa wengi, akaja akabonyeza, rangi ikarudi haraka mno, hata sekunde haijaisha, akaniambia dada kaa hapohapo akaenda kupiga simu. Dakika arobaini kaka yuko chumba cha upasuaji tena. Mshipa wa kutoa damu ulikuwa umeziba kwa donge, wakalitoa wakaunga upya. Kiraka kikapona. Daktari akatwambia ingefika asubuhi pasingekuwa na la kuokoa. Kwa hiyo ukiona mabadiliko usisubiri raundi ya daktari, usione unasumbua, ita. Ukijibiwa vibaya ita tena.

Shingo isibanwe na kitu chochote. Upande wenye mishipa asiulalie, kichwa kikae katikati na kimeinuliwa, mto usimsukume kidevu, kamba ya mpira wa shingoni au ya kifaa cha oksijeni isipite juu ya mishipa imekaza, iwe inapitisha kidole. Shanga, hirizi, mkufu, vyote vitoke. Na baridi: mwili ukipoa mishipa inajikunja, kwa hiyo mfunike, soksi, blanketi, Dar hilo sio tatizo kubwa ila waliopasuliwa Mbeya mwezi wa sita na wa saba mnajua baridi ya huku, na feni isimpulize usoni.

Hewa. Tundu la shingoni linatoa makohozi mengi siku za mwanzo maana pua haifanyi tena kazi ya kulainisha hewa, yanakauka yanaziba mpira. Mpira mwingi una mrija wa ndani unaotoka ukaoshwa. Muombe nesi akuoneshe, halafu umfanyie yeye akiwa anakuangalia, sio mara moja, mpaka mkono uzoee. Akikoroma, akitanua pua, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, piga kelele ya nesi huku mrija wa ndani unautoa, mara nyingi ndo uliozibwa. Na yeyote anayekuja na oksijeni mwambie anapumulia shingoni.

Siku inayofuata wakisema aketi kwenye kiti, aketi. Najua inauma kumuona, wifi alilia akasema mnamtesa, lakini mtu akilala tu mapafu yanajaa na damu inaganda miguuni. Ile sindano ya tumboni kila siku ni ya kuzuia damu kuganda. Aliyetolewa mfupa mguuni ataambiwa lini akanyage, mpaka hapo wewe cheki vidole vya mguu vina joto na anavichezesha.

Chupa za dreni, zile za kutoa damu, angalia kinachoingia. Zikijaa damu mbichi haraka, au maji yakigeuka meupe kama maziwa baada ya kuanza kulishwa, sema siku hiyohiyo.

Kulisha kwa mpira wa puani

Hapa ndo ndugu wanapoharibu kwa mapenzi. Mpira una alama pale unapoingia puani, kabla ya kila mlo angalia alama haijasogea, ikisogea usiweke kitu, ita. Ukichomoka usiurudishe mwenyewe kabisa, ndani ya koo kuna nyuzi, utatoboa. Akae wima au kichwa kiinuke nusu, abaki hivyo mpaka nusu saa au saa nzima baada ya mlo. Chakula kiwe vuguvugu, kimechujwa kwa kitambaa safi au chujio dogo, kiende chenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa kwa nguvu. Maji yaliyochemshwa, kama mililita 30, kabla na baada, mpira usizibe. Dawa zisagwe kila moja peke yake, na uliza kwanza, zingine hazisagwi. Akikohoa katikati, acha.

Usimlambishe kitu mdomoni. Hata maji, hata asali "ya kulainisha". Daktari atapima kwanza kama anameza vizuri. Usafi wa mdomo wanakuonesha, kwa kaka ilikuwa maji ya chumvi vuguvugu na kitambaa laini, kwa kugusagusa tu.

Kurudi nyumbani

Muulize daktari siku gani anaweza kuvumilia basi. Mkiruhusiwa, kila gari linaposimama ashuke atembee, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Makambako, atembee hata kwa kuegemea. Tundu la shingoni kama bado lipo, mwekee kitambaa chepesi safi chenye unyevu kwa mbele, vumbi lisiingie, bebeni na mpira wa akiba.

Nyumbani jiko la mkaa lisiingie chumbani kwake. Naandika hili nikijua baridi ya Uyole, Makete na Njombe na kila nyumba ilivyo na jiko jioni. Hewa ya mkaa inaua hata wazima, na yeye hana hata pua ya kupitia, moshi unaenda moja kwa moja kifuani. Ongeza blanketi, chupa ya maji moto funga kwenye kanga mweke miguuni, mbali na mguu uliokatwa na mbali na kiraka, maana kiraka hakina hisia, kinaungua bila yeye kujua. Wakati wa kuoga maji yasipite kifuani kwenda juu.

Rudini hospitali mbio kama kuna homa, usaha, mate yanatokea kwenye kidonda cha shingo, harufu mpya mbaya, au hewa inambana. Damu ikitoka shingoni, hata kidogo iliyotoka ikakata yenyewe, ni dharura, bonyeza kwa kitambaa safi usifunuefunue kuchungulia, gari litafutwe sasa hivi.

Waliokutwa na kansa wakatakiwa mionzi, isipite wiki sita baada ya upasuaji, kwa hiyo nafasi ya Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar, au popote mlipoelekezwa fuatilieni hata kidonda hakijapona vizuri. Wenye ameloblastoma kama kaka hawahitaji mionzi ila uvimbe unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi, picha za taya zinapigwa kila walipopanga.

Mazoezi yaanze daktari akiruhusu. Bega la upande uliopasuliwa shingo linaanguka, mkono unashindwa kuchana nywele, kaka alikuwa anapandisha vidole ukutani kama buibui, na wifi anaweka alama ya mkaa pale alipofika, kesho apite hapo. Mdomo nao unakaza, tulitumia vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi, unavipanga vinavyoingia kati ya meno, unakaa navyo dakika chache, wiki ijayo unaongeza kimoja. Alianza na saba. Jana alinipigia simu, sasa hivi ni vijiti kumi na tano, na ameanza kupalilia viazi ila jembe bado analishika upande mmoja.